Gogo Lisilo na Majani

Mti ukiwa umesimama, hata mtoto wa Usambara atakutajia jina lake. Una majani, una maua, una tunda. Kazi huja mti unapokuwa gogo: limeletwa na maji, gome limechunika, matawi yamekatika, na mama mwenye panga anataka kujua kama litaivisha maharage au litamtoa machozi bure. Hapo ndipo ninapowavulia kofia wachanja kuni wa Mombo.

Mombo ni shule ngumu ya ujuzi huo. Mji umekaa chini kabisa ya milima ya Usambara, mita 400 na ushei kutoka usawa wa bahari. Lushoto, kilomita 33 hivi kwa barabara ya Soni, iko karibu mita 1,400. Mvua zikichachamaa huko juu, mto unaoshuka kutoka Soni huteremsha miti ya baridi na kuilaza kwenye nchi ya mibuyu na migunga. Anayeokota kuni hapa hana budi kujua misitu miwili.

Mkono hutangulia. Gogo kavu lililo jepesi kuliko unene wake ni la kutiliwa shaka: huenda ni mkuyu, wenye moshi mwingi na makaa haba, au mbuyu, ambao ni nyuzinyuzi tupu. Mgunga na mkwaju hujitaja kwa uzito. Panga likigonga, linadunda. Kisha pua. Mkulo ukichanjwa hutoa harufu ya kafuri. Mwangati, yaani mtarakwa, hunukia penseli, na kweli penseli zimechongwa kwa mti huo.

Lakini ninachokisifu zaidi ni jicho. Kata ncha ya gogo kwa panga kali, mkato mmoja safi, uloweshe maji, uelekeze kwenye jua. Mgunga huonyesha vitundu vilivyozungukwa na weupe. Mkuyu una mikanda myeupe na ya kahawia inayopishana. Mgrevilea una mistari minene inayotoka kwenye kiini hadi kwenye gome, kama njiti za mwavuli. Mkaratusi hupanga vitundu vyake mshazari. Mwangati na msindano haina vitundu vya namna hiyo. Wa kwanza hunukia, wa pili hunata utomvu. Wataalamu wa mbao hufanya hivyohivyo, ila wao wana lenzi.

Na upo mti wa kuogopwa: mnyaa, ule wa kuzungushia ua. Maziwa yake huunguza macho, na moshi wake haufai kabisa jikoni. Maziwa peke yake hayatoshi kuutambua, kwani hata mkuyu unayo. Tazama vijiti vyake vya mviringo, laini, visivyo na majani.

Mwangati nao una heshima yake. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani waliukata huko Shume na kuuteremsha kwa waya wa angani hadi Mkumbara, jirani na Mombo, kuupeleka kwenye reli. Mchwa hawaupendi. Kwa hiyo anayeujua, akiuokota mtoni, hautii kwenye mafiga: huutenga pembeni, ukasubiri kuwa nguzo ya banda.