Emilia: Mwanamke Aliyekatazwa Kusema

Wengi wakisoma Othello humlilia Desdemona, mke anayeuawa na mumewe Othello kwa wivu, na wana haki. Lakini ukitaka kuona jinsi Shakespeare alivyowajenga wanawake wa tanzia hii, mfuate Emilia, mhudumu wa Desdemona na mke wa Iago, afisa mwovu wa Othello, tangu anaposhuka melini Kupro hadi anapouawa na mumewe.

Hadithi yenyewe ilitoka kwa Mwitalia Giraldi Cinthio, katika kitabu cha 1565. Humo mke wa yule afisa mwovu hana hata jina. Anaijua njama ya kumsingizia Desdemona uzinzi, ila ananyamaza kwa kumwogopa mumewe, na kitambaa cha mkononi cha Desdemona, kitakachokuwa ushahidi wa uongo, kinaibwa na mume mwenyewe. Shakespeare aligeuza yote mawili. Emilia ndiye anayekiokota kitambaa na kumpa Iago, bila kujua kitatumika kwa kazi gani. Na Desdemona anapokitafuta, Emilia anasema hajui kilipo. Uongo mdogo wa mke anayetaka kumridhisha mume, na sasa naye ana sehemu katika kifo kitakachokuja.

Tazama pia anavyogawiwa maneno. Pale Kupro, Iago anamsimanga mbele za watu kwamba ana mdomo mrefu, ilhali hajafungua kinywa, hata Desdemona inambidi amtetee. Sifa ya kuropoka inamtangulia.

Kinywa kinafunguka katika onyesho la tatu la tendo la nne. Ni usiku, wanawake wawili chumbani, Emilia akimfungua bibi yake pini za nguo. Desdemona anauliza kama kweli wapo wake wanaowasaliti waume zao. Emilia anajibu kwa nathari, kwa utani. Halafu lugha inapanda na kuwa shairi: wake wana macho, wana pua, wanaonja tamu na chungu kama waume, mume akitenda ubaya, mke anajifunza kwake. Hotuba hiyo haimo katika chapa ya 1622. Imo katika ile ya 1623, pamoja na wimbo wa huzuni anaouimba Desdemona usiku huo. Iondoe, na uasi wa Emilia katika tendo la tano utaonekana ni hasira ya ghafla. Iache, na utaona ni mtu aliyekwisha kuipima ndoa yake.

Maana katika tendo hilo Iago anamwamuru anyamaze, aende nyumbani. Emilia anawaomba waliopo ruhusa ya kusema: anakubali kwamba mke humtii mume, lakini si wakati huu. Anaeleza habari ya kitambaa, anachomwa upanga, anaomba alazwe kando ya bibi yake. Maneno mazito hivyo yaliandikwa yasemwe na mvulana, kwa kuwa wanawake hawakuwa wakiigiza katika majumba ya maonyesho ya London hadi 1660.

Kwa mwanamke wa tatu, Bianca, mpenzi wa Cassio, luteni wa Othello, Shakespeare alikuwa mchoyo. Anaitwa kahaba na karibu kila mtu, Emilia akiwamo, na anapokataa tusi hilo hakuna anayemsikiliza. Hapo mwandishi angeweza kufanya zaidi.

Nawaomba waongozaji wanaotafuta pa kufupisha: kateni kwingine. Msiiguse hotuba ya Emilia chumbani.