Nani Amjibu Mfalme? Vyeo vya Kasri katika Tamthilia za Kihistoria za Korea

Mtazamaji wa tamthilia za kihistoria za Korea huyatambua mavazi kabla ya kuwatambua watu. Wenye majoho mekundu husimama karibu na kiti cha enzi. Wenye ya buluu na ya kijani husimama mbali zaidi. Vifuani mwa wasomi wametariziwa korongo, vifuani mwa wanajeshi simbamarara. Baada ya vipindi vichache huzoeleka pia kiitikio: mawaziri wanapiga magoti na kumsihi mfalme, kwa sauti moja, aifikirie upya amri yake. Ni rahisi kuyachukulia yote hayo kuwa mapambo ya enzi. Hata hivyo, katika tamthilia zilizo bora cheo ndicho kisa chenyewe, na swali linaloulizwa si nani mwenye nguvu, bali nani mwenye haki ya kumjibu mfalme.

Dola ya Joseon, iliyoasisiwa mwaka 1392, iliwapanga watumishi wake katika madaraja tisa, kila daraja likigawanyika katika ngazi ya juu na ya chini. Jumla ngazi 18. Kileleni palikuwa na Baraza Kuu la watu watatu: Waziri Mkuu, Waziri wa Kushoto na Waziri wa Kulia, wa kushoto akimtangulia wa kulia, jambo linalomshangaza Mswahili aliyezoea kuupa heshima mkono wa kuume. Chini yao zilikuwapo wizara sita: ya watumishi, ya kodi, ya ibada na sherehe, ya jeshi, ya sheria na adhabu, na ya ujenzi. Utaratibu huo ulitiwa muhuri katika sheria kuu ya Gyeongguk Daejeon, iliyoanza kutumika mwaka 1485.

Lakini ukubwa wa sauti haukufuata urefu wa ngazi. Idara za Saheonbu na Saganwon, zilizojaa maofisa wa madaraja ya kati, zilikuwa na wajibu wa kuwakosoa mawaziri na mfalme mwenyewe. Waandishi wa historia wa kasri, wa daraja la saba hadi la tisa, walihudhuria mabaraza na kuandika yaliyosemwa, na mfalme hakuruhusiwa kuzisoma rasimu zao. Mwaka 1404 Mfalme Taejong alianguka kutoka juu ya farasi akiwa mawindoni, akaagiza mwandishi asijulishwe. Agizo hilo nalo limeandikwa katika kumbukumbu za ufalme. Na mwaka 1575 ugomvi juu ya nafasi moja ya daraja la tano katika wizara ya watumishi uliwagawa maofisa katika makundi ya Mashariki na Magharibi, kwa sababu aliyeishika nafasi hiyo ndiye aliyependekeza nani aingie katika idara za ukosoaji.

Tamthilia iliyolielewa jambo hili kwa undani ni Ppuri Gipeun Namu, yaani mti wenye mizizi mirefu, iliyoonyeshwa na SBS mwaka 2011. Kisa chake ni Mfalme Sejong na uvumbuzi wa herufi za Kikorea. Wahusika wake wamewekwa kimakusudi mahali pasipowafaa. Mtwana wa zamani ameingia kasrini kama mlinzi wa cheo kidogo akiwa na nia ya kumuua mfalme. Kijakazi wa kasri asiyenena ndiye anayehifadhi kumbukumbu ya kazi nzima. Na kiongozi wa chama cha siri kinachodai kwamba nchi iongozwe na mawaziri, si mfalme, anaishi kama mchinja nyama, tabaka lililodharauliwa kuliko yote. Anapokabiliana na Sejong, hoja yake ina uzito: kuwapa watu herufi ni kuwatwika mzigo ambao mfalme ameuchoka. Mtunzi hakumpa adui maneno mepesi, na hapo ndipo ubora wa kazi ulipo.

Kasoro yake nayo iko papo hapo. Katika historia, upinzani dhidi ya herufi haukuhitaji chama cha siri wala mauaji ya usiku. Mwaka 1444 Choe Malli na wenzake wa chuo cha Jiphyeonjeon waliandika waraka wa kupinga, wakautia majina yao na kuupeleka kwa mfalme. Sejong aliwafunga, akawaachia siku iliyofuata. Upinzani ulipita katika mlango wa ofisi, mchana kweupe. Tamthilia inapougeuza kuwa njama, inamfundisha mtazamaji kwamba anayempinga mfalme mwema lazima awe na jambo analolificha. Kiitikio cha mawaziri hugeuka kuwa kelele za wakaidi, ilhali kilikuwa mojawapo ya njia chache za kumzuia mwenye enzi asiende atakako.

Dae Jang Geum, iliyoonyeshwa na MBC mwaka 2003 na 2004, inaukabili utata huu kutoka upande wa pili. Jang-geum ni mpishi wa kasri anayeshushwa hadi utumwani katika kisiwa cha Jeju, kisha anarudi kama tabibu wa kike. Mtu wa kumbukumbu ni kweli: mwaka 1544 Mfalme Jungjong alisema kwamba tabibu huyo ndiye ajuaye maradhi yake. Katika tamthilia, mfalme anapotaka kumfanya tabibu wake, mawaziri wanapinga kwa kushika sheria. Mtazamaji huwachukia, na ana haki. Lakini ngazi ileile inayomfungia mwanamke mlango ndiyo inayomkumbusha mfalme kwamba utashi wake si sheria. Tamthilia haikufungui kifundo hiki. Inamwacha mtazamaji akiwa nacho mkononi.

Kwa Waswahili wa ughaibuni, wanaozitazama kazi hizi kupitia manukuu ya Kiingereza au Kiarabu, mengi ya haya hupotea. Kikorea kina daegam kwa wakubwa wa juu kabisa, yeonggam kwa wanaowafuatia, na nauri kwa wa chini yao; manukuu huwafanya wote kuwa bwana mmoja. Mfasiri wa Kiswahili ana akiba ya kutosha, ila aichague kwa uangalifu. Liwali na akida yanabeba utawala wa Zanzibar na wa Wajerumani, na yangeihamisha Seoul hadi Pangani. Mtukufu, Mheshimiwa na Bwana, yakishikwa bila kuchanganywa tangu kipindi cha kwanza hadi cha mwisho, yangetosha kumwonyesha msikilizaji ni nani amemshusha nani kwa neno moja tu. Asipolisikia hilo, hatatambua pia ujasiri wa ofisa wa daraja la tisa anayekataa kuufunga wino wake mfalme anapomwamuru atoke chumbani.