Ufa Huzibwa kwa Nini

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku zote nimeamini aliyeitunga methali hiyo alikuwa mwashi. Ila ametuficha jambo moja: huo ufa tuuzibe kwa nini?

Swali hilo lilinipata Mji Mkongwe, Unguja, kichochoroni, nilipomkuta fundi mmoja mzee akigonga ukuta kwa konzi, sikio kaliinamisha, kama mtu anayechagua fenesi sokoni. Palipoitika utupu alitia alama ya mkaa. Kisha akaanza kubandua lipu ya saruji. Nyuma yake mawe yalikuwa yamelowa, yanamwagika unga.

“Umevishwa nailoni huu, mwanangu,” akaniambia. “Utaachaje kutoka jasho?”

Nikaikumbuka nyumba ya ami yangu, iliyovishwa vivyo hivyo, nasi tukashangilia jinsi ilivyong’aa.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Maji hupanda kutoka ardhini, mvua hupenya kutoka juu, na chumvi husafiri nayo. Ukuta wa chokaa huyanywa maji hayo, kisha huyatoa jua likiwaka. Saruji huufunga mlango huo. Maji yakikosa pa kutokea, chumvi huganda ndani ya jiwe na kulipasua, na boriti za mikoko huoza vichwa, pale hasa vilipozama ukutani, pasipoonekana na mtu.

Chokaa ni laini kuliko jiwe, na uzuri wake ndio huo. Nyumba ikititia kidogo, chokaa ndiyo inayopata nyufa. Jiwe hubaki zima. Chumvi ikitafuta njia, hula lipu kwanza. Baada ya miaka fundi huikwangua akapaka nyingine. Wajenzi wengi hujisifia ugumu wa kazi yao. Huyu ujuzi wake ni kujua kipi kiwe dhaifu, na sijaona ufundi mwingine wenye adabu kama hiyo.

Nayo chokaa haina haraka. Matumbawe hupangwa juu ya magogo, yakachomwa kwenye tanuu. Yakishapoa huzimwa kwa maji, na hapo ndipo yanapochemka, bila moto wowote. Chokaa huachwa ikalainika wiki hata wiki. Ikishapakwa, huivuta hewa na kurudi polepole kuwa jiwe. Ndiyo maana hupigwa mkono mwembamba juu ya mkono mwembamba, ikinyunyiziwa maji, kwani jua likiiwahi hupasuka. Zamani sakafu ya paa ilipigiliwa kwa vigongo siku kadhaa, watu wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Nani leo ataandika nyimbo kwenye makadirio ya gharama?

Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu ikafuata mwaka 2001. Ni heshima kubwa, lakini orodha haishiki mwiko. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka katikati ya ukarabati na kuua watu wawili. Tangu hapo sipiti chini ya roshani kuukuu bila kutazama juu.

Siku ya tatu nilirudi kichochoroni. Mashimo yalikuwa yameshajazwa vipande vya matumbawe vilivyochongwa kimoja kimoja kukaa mahali pake, na juu yake chokaa mbichi, nyeupe kama tui. Mwakani hapatajulikana kuwa pamewahi kuguswa, naye hakuonekana kujali. Nikamwuliza mkono wa pili ataupiga lini.

Akabandika kiganja ukutani, akanyamaza kidogo.

“Bado haujasema,” akajibu. Akaufunika ukuta kwa magunia mabichi, akaosha mwiko wake, akaenda kuswali alasiri.