‘Usinibore’: Sarufi ya kukopa katika albamu ya 82

KUNA hoja ninayoisikia mara kwa mara katika vikao vya walimu wa Kiswahili hapa Nakuru: ati muziki wa vijana unaotengenezwa kwa kompyuta ni uigaji mtupu wa mambo ya ng’ambo, na lugha yake inaharibu Kiswahili. Leo nataka kuipima hoja hiyo kwa albamu moja, 82, iliyotolewa mwaka wa 2009 na kundi la Nairobi liitwalo Just A Band: Blinky Bill, Dan Muli, Jim Chuchu na Mbithi Masya.

Jina lenyewe linatukumbusha miaka ya themanini. Kwa Mkenya wa rika langu, 1982 ni jaribio la mapinduzi la Agosti 1, Sauti ya Kenya ilipotekwa kwa saa kadhaa. Kwa mpenzi wa muziki, ni enzi ya vinanda vya umeme na mashine za ngoma, sauti ambazo kundi hili limezichanganya na disko na fanki. Hata neno ‘kinanda’ limesafiri: kamusi za zamani zililitaja kama ala ya nyuzi; leo wengi wetu tunawazia ala ya kubonyeza. Lugha ililipanua neno, ikaendelea na safari.

Tazama sasa wimbo ‘Usinibore’. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu atataka ‘usinichoshe’. Hebu tuuchanganue kwanza. U- ni nafsi ya pili umoja, -si- ni kikanushi, -ni- ni mtendwa, -bor- ni mzizi uliotoka Kiingereza, na -e ni kiishio. Kati ya viungo vitano, mgeni ni mmoja tu, naye ameketi alipoonyeshwa. Tena, ‘kuchosha’ kunamfaa hata aliyelima kutwa kule Molo. Kijana alitaka neno la kero ya kusikia yale kwa yale, akalipata.

‘Ha-He’ ulivuma zaidi, hasa kwa video yake ya 2010 yenye shujaa Makmende. Jina hilo lilikuwa midomoni mwa watoto wa mijini zamani kabla ya video. Inaelezwa kuwa asili yake ni kauli ya Clint Eastwood katika filamu Sudden Impact ya 1983, ambayo masikio ya watoto yaliipokea kama ‘mek mai dei’. Ulimi wa hapa ukaitia ‘nd’, kauli ikawa jina la shujaa asiyeshindwa. Je, kasuku anaweza hayo?

Huku Bonde la Ufa, jambo hili linavuka mipaka ya darasa. Januari 2008 Nakuru na Naivasha ziliwaka moto, na lugha ya mtu ikawa sababu ya kuwindwa. Ripoti ya Tume ya Waki, Oktoba mwaka huo, iliwanyooshea kidole baadhi ya watangazaji wa redio za lugha za mama kwa uchochezi. Mwaka uliofuata ikaja albamu yenye mdundo usio na kabila, na ‘Ha-He’ ambayo ni pumzi tu, si lugha ya yeyote. Sidai kwamba wasanii walikusudia kutupatanisha. Ninachosema ni kwamba mtu wa Bondeni na wa Njoro wangeweza kuuitikia wimbo huo bila yeyote kuulizwa kwao ni wapi.

Kasoro ipo. Sehemu kubwa ya 82 imeimbwa kwa Kiingereza, na hapo ungedhani kundi limetoka London au Chicago. Kiingereza hicho hakikutiwa kiambishi chochote. Kimevaliwa na lebo ya duka ingali inaning’inia. Hapo ndipo hoja ya walimu wenzangu inapata mguu wa kusimamia. Anayekopa hukitia kitu katika sarufi yake. Anayeiga hukivaa kilivyo. Albamu hii inafanya yote mawili, na inapendeza zaidi inapokopa.

Basi, mwalimu, mwanafunzi akiandika ‘usinibore’ katika insha rasmi, msahihishe, maana sajili ya insha ni nyingine. Lakini usimwambie kwamba hana sarufi. Anayo.