Bure ya Nani?

Kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni mtafiti wa chuo kikuu, alinijia hapa Itungi likizo iliyopita akiwa na makala yake juu ya mbasa. Alikuwa ameyafanyia kazi miaka mitatu, akikesha ufukoni na wavuvi wetu. Jarida moja la Ulaya lilikuwa limekwisha kuyakubali. "Sasa Mwalimu, wanataka nilipe," akasema. Nilidhani nimesikia vibaya. Nilizoea kuwa mwandishi hulipwa kidogo au halipwi kabisa. Kwamba hutozwa, lilikuwa jambo geni kwangu.

Zamani aliyelipa ni msomaji, na maktaba za vyuo vyetu zilishindwa, hasa miaka ile ya 1980 fedha za kigeni zilipoadimika. Ndipo likatoka Azimio la Budapest la mwaka 2002, kutaka matokeo ya utafiti yasomwe na kila mtu bila malipo kwa njia ya intaneti. Nia njema hiyo, wala siibezi. Lakini gharama haikufutika. Wachapishaji wengi wa biashara wameitoa begani kwa msomaji wakamtwika mwandishi. Mwaka 2021 jarida la Nature lilianza kutoza Euro 9,500 kwa makala moja ya kusomwa bure. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 25! Na wataalamu wanaoyahakiki makala kabla hayajachapwa kwa kawaida hawapati hata senti.

Tunaambiwa upo msamaha kwa nchi maskini. Ni kweli, upo. Ila Julai 2020 Benki ya Dunia ilituhesabu kuwa tumeingia kundi la chini la nchi za kipato cha kati. Tulishangilia, nami nikiwamo. Kumbe kwa baadhi ya wachapishaji nchi za kipato cha chini husamehewa yote, na kundi letu jipya hupunguziwa nusu tu. Nusu aliyobakiziwa kijana wangu ilizidi mshahara wake wa mwezi.

Wasemao kwamba hakuna njia nyingine nawakatalia. Swahili Forum, lililoanzia Cologne mwaka 1994, linasomwa bure na mwandishi hatozwi kitu. Linaendeshwa na wasomi wa vyuo vikuu, si kampuni. Ni jarida la lugha, mbasa hawana nafasi humo, lakini linaonyesha kwamba yawezekana. Nawalaumu pia wale wanaopima kazi ya mtafiti kwa ukubwa wa jina la jarida, bila kuifungua na kuisoma. Hao ndio wanaompeleka kijana kwa mtoza ada.

Aliniachia nakala. Jioni moja niliwasomea wavuvi, nikifasiri kwa Kiswahili aya kwa aya. Mzee mmoja alinikatiza akasema mbasa huanza kupanda Kiwira mapema kuliko ilivyoandikwa pale. Nikamwambia nitamfikishia kijana masahihisho hayo. Akauliza kama na yeye atatakiwa kulipa.