Anzia chini: kuchagua toleo na nyongeza za gari dogo Kalemie

Katika wanunuzi wa magari waliopita Kalemie, wenye pesa na uzoefu wa barabara zetu ni mashirika ya misaada. Chungulia ndani ya Land Cruiser zao, zile nyeupe ndefu za Hardtop. Madirisha ni ya kuzungusha kwa mkono, viti havina hata kitambaa, sakafu ni mpira mtupu, gia ni ya mkono, rimu ni za chuma, na injini ni 1HZ ya dizeli, lita 4.2, bila turbo. Aliyekuwa na uwezo wa kuagiza lolote ameagiza toleo la chini kabisa, kisha pesa akazitia kwenye bamba la kukinga injini, matairi mazito na bomba la kuvutia hewa juu ya paa. Mwenye gari dogo naye anafika bandarini, meli ya Kigoma bado haijafungwa kamba, anauliza kama gari lake lina kamera ya nyuma.

Magari madogo ya mji huu mengi ni ya Kijapani yaliyokwisha kutumika: Vitz, IST, Probox, pamoja na jamaa zao. Yanashuka Dar es Salaam, yanavuka Tanzania hadi Kigoma, yanaletwa kwa maji. Mwenye uwezo zaidi anaweza kuagiza gari ambalo halijawahi kumilikiwa na mtu, kama Toyota Starlet ya kuanzia 2020, ambayo kwa kweli ni Suzuki Baleno ya India iliyovalishwa nembo ya Toyota. Afrika Kusini imeuzwa kwa matoleo ya Xi, Xs na Xr. Lakini awe amenunua la Japani au la India, swali ni moja: ngazi hizi za bei zinaongeza nini ambacho barabara ya kwenda Kabimba au ya kwenda Nyunzu itakihitaji?

Tuanze na herufi, maana wauzaji huzitaja kama cheo. Kwenye Probox iliyotoka 2002, DX ndiyo ya chini, GL inafuata, na F ni ya abiria. Namba ya chasisi inasema ukweli kuliko stika ya nyuma. NCP50 ni van ya 1.3, NCP51 ni van ya 1.5, NCP55 ni van inayovuta kwa magurudumu manne, na NCP58 na NCP59 ndizo zenye kiti cha nyuma cha binadamu. Van ina kiti cha nyuma chembamba kilichosimama wima, kwa sababu Mjapani aliitengeneza ibebe mzigo hadi kilo 400, na abiria wa nyuma walikuja kama dharura. Ukitaka kubeba familia kwenda kanisani Jumapili, tafuta F. Ukitaka kubeba magunia ya muhogo na ndoo za mawese, van ya GL inatosha, na hata DX haikosi heshima.

Kwenye Vitz, F ndiyo ya kawaida na U ina mapambo zaidi. RS nyingi zina injini ya 1.5, sketi za pembeni na springi ngumu. Hiyo RS vijana huipenda mno, nami sioni kwa nini mtu alipie sketi ya plastiki ambayo shimo la kwanza litaivunja. IST ya kwanza, ya 2002 hadi 2007, ilikuja kwa 1.3 na 1.5, zote za otomatiki ya gia nne, na hilo ni jambo zuri kuliko linavyosikika.

Sababu ni gia. Otomatiki ya zamani ya gia nne inavumilia mengi. CVT, ile inayopanda bila kuruka kutoka gia moja hadi nyingine, inataka oili yake yenyewe, iliyoandikwa TC au FE kwenye chupa, na ukiijaza oili yoyote nyekundu iliyopo dukani umeanza kuiua. Vitz za kuanzia 2005 za 1.0 na 1.3 nyingi zina CVT. Probox ilipobadilishwa sura 2014 ilihamia CVT, na gia ya mkono ikaachwa. Kwa hiyo kwa Kalemie mimi nasema bila kuzunguka: Probox ya kabla ya 2014, ya 1.5, ya gia ya mkono. Injini yake, 1NZ-FE, inazungusha kamshafti kwa mnyororo, si kwa mkanda wa mpira unaokatika ghafla, na ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye IST ya 1.5, Vitz RS ya 1.5 na Corolla chungu nzima. Piesi ambayo dukani haipo utaipata kwenye gari lililolala nyuma ya garaji ya jirani.

Nyongeza nyingine zote zipime kwa swali moja: ikifa, nani hapa ataifufua, na kwa kipande gani? Ufunguo wa kubonyeza ni mzuri mpaka upotee ziwani, ndipo utakapotafuta mwenye mashine ya kuusajili mwingine. Mfumo unaozima injini kila ukisimama unataka betri ya aina yake, yenye bei yake. Redio ya Kijapani hushika kuanzia 76 na kuishia karibu na 90, wakati FM yetu inafika 108, kwa hiyo stesheni nyingi hutazisikia, na ramani yake itakuongoza Nagoya kwa Kijapani safi. Hizo ni hasara ndogo. Kiyoyozi lipia. ABS na mifuko ya hewa pia lipia, lakini hakikisha zipo kweli. Washa swichi bila kuwasha injini, utazame taa za dashibodi: ya ABS na ya mfuko wa hewa lazima ziwake, kisha zizime. Ile isiyowaka kabisa ndiyo ya kuogopwa, kwani kuna mtu aliyeing'oa balbu ili asiulizwe.

Gari la mnada wa Japani huja na karatasi, na anayejua kuisoma hahitaji maneno ya dalali. Juu kuna alama: 4 na 4.5 ni magari mazuri, 3.5 limechoka kidogo, R au RA limewahi kugongwa likatengenezwa. Ndani hupimwa kwa herufi, A ikiwa bora. Kisha kuna mchoro wa gari uliojaa vialama: A ni mkwaruzo, U ni kibonye, W ni bati lililonyooshwa na kupakwa rangi likabaki na mawimbi, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi ni ukubwa. A1 milango yote minne isikukoseshe usingizi; S na C ndizo za kufuatilia. Karatasi yenyewe huweza kughushiwa, kwa hiyo ilinganishe na gari. Kibao cha chasisi kina namba ya rangi: 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, 1F7 ni ya fedha. Kibao kikisema 202 na gari ni jeupe, muuzaji ana hadithi ya kukusimulia.

Sasa liingize juu ya shimo la garaji, au liinue kwa jeki na magogo, ushuke na tochi. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu. Watu hupenda magurudumu manne wakidhani ni mazuri kwa matope, na ni kweli, lakini fikiria nani alinunua gari dogo la namna hiyo Japani: mtu wa Hokkaido, Aomori au Niigata, kwenye theluji na barabara zinazomwagwa chumvi kila kipupwe. NCP55 na NCP59 nyingi zimekula chumvi hiyo kwa miaka. Gonga kizingiti kwa kitako cha bisibisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti butu na vumbi jekundu. Tazama mabomba ya breki yanayopita chini, maungio ya ekseli ya nyuma na mahali springi inapokaa. Rangi nyeusi nzito iliyopakwa juzi chini kote si usafi. Ikwaruze uone kilichofunikwa. Magari ya nchi za baridi yana faida yake pia: mengi hupewa betri kubwa zaidi.

Gari ambalo tayari limeishi hapa lina ushahidi mwingine. Ziwa lilipopanda na kuingia mjini, hata kufikia avenue Lumumba, yako magari yaliyolala majini. Maji ya Tanganyika si ya chumvi, hayali bati haraka, ila matope yake hukaa. Inua zulia chini ya siti ya dereva, vuta mkanda wa usalama hadi mwisho wake. Mstari wa udongo kwenye mita ya mwisho ya mkanda huwa umesahauliwa na kila mwoshaji.

Tukija kwenye kuongeza vitu, kinachoongezwa zaidi ni urefu. IST na Vitz zina nafasi ya sentimita 14 au 15 hivi chini yake, na kila mtu anataka zaidi. Vipande vya kuwekwa juu ya shokamzoba vinauzwa, na fundi anavifunga kwa nusu siku. Kazi nzuri haizidi sentimita 3. Ukipita hapo, kardani za mbele zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikutengenezewa, mpira wake unapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia, na ukikata kona unasikia tak-tak-tak. Jambo hili fundi mmoja wa hapa alilimaliza kwa sentensi moja kwa kijana aliyetaka sentimita 6: "Yaya, nitakupandishia, lakini kardani utanunua wewe." Tazama kipande chenyewe pia: kiwe cha alumini au plastiki ngumu iliyochongwa kimoja, chenye bolti zake ndefu. Bolti fupi iliyoshika nati kwa nyuzi tatu ni ajali inayosubiri kona. Na baada ya kuinua, magurudumu lazima yapangwe upya. Asiyetaja hilo si fundi wa springi.

Bamba la chini lichongwe kwa chuma cha milimita 3 hivi, lifungwe kwenye fremu ndogo inayobeba injini, si kwenye bati la bodi. Liwe na tundu la kumwagia oili, na nafasi ya hewa karibu na bomba la moshi. Bamba lililofungwa kwa waya wa kuchomea linaonyesha fundi alikuwa na haraka kuliko wewe.

Rimu za chuma zikipinda hugongwa kwa nyundo zikarudi. Za alumini hupasuka. Kwenye tairi, soma namba nne za mwisho za DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi "jipya" la miaka saba ni zee, hata kama vinywele vyake bado vipo. Kwa van tafuta lenye LT na 6PR au 8PR, lina ukuta mgumu. Na petroli, ukinunua kwa Kadhafi, yaani muuzaji wa kando ya barabara, itazame kwenye chupa ya kioo kabla haijaingia tangini. Maji hukaa chini.

Taa zimesahauliwa na karibu kila mtu. Taa za Japani zimekatwa kwa nchi inayoendesha kushoto, kwa hiyo mwanga wake hupanda upande wa kushoto ili kumulika ukingo. Sisi tunaendesha kulia, na kile kipande kinachopanda kinaingia moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Simamisha gari mita kadhaa kutoka ukutani usiku, washa taa fupi, utakiona. Mwenye Vitz anaweza kutafuta taa za Yaris ya Ulaya bara za umbo hilohilo, maana Yaris ni Vitz yenye jina la Ulaya. Mwenye Probox ashushe taa kidogo na kuziba kipande hicho kwa utepe mweusi juu ya kioo. Balbu za LED za bei rahisi ndani ya taa ya kawaida ni uadui kwa watu wa barabarani, hata kama duka linaziita za kisasa.

Kuna magari yaliyohamishiwa volani kushoto. Yatambue kwa vifuta kioo, ambavyo mara nyingi vimebaki vikifuta kwa ajili ya dereva wa kulia, na vinaacha kona chafu mbele ya macho yako. Kisha inama, utafute mahali ukuta wa injini ulipokatwa na kuchomewa upya, na jinsi pedali ya breki inavyofika kwenye pampu yake. Mimi gari la namna hiyo silinunui. Bora ubaki na volani ya kulia na mwenzako wa kushoto akuangalizie wakati wa kupita lori, na kabla ya kulipa uulize watu wa forodha, DGDA, sheria ya siku hiyo inasemaje kuhusu usukani na umri wa gari.

Muziki, stika na vitambaa vya siti ni hiari yako. Lililobaki ni kulijaribu likiwa na watu wanne ndani, si wewe na muuzaji tu: panda nalo mlima, shuka, funga breki kwa nguvu mara moja mahali pasipo watu, zungusha volani hadi mwisho pande zote mbili ukisikiliza kardani. Ukishalinunua na kulifanyia kazi hizo, lirudishe juu ya shimo baada ya wiki mbili, bolti za vipande vya shokamzoba na za bamba zikazwe tena. Hizo hulegea mara ya kwanza, hata za fundi mzuri.