Mipira 36 Iliyokatwa

Ukiwa Kimbiji na kiu ya kriketi, usitegemee kibanda umiza. Jioni pale ni Simba, Yanga na ligi ya Uingereza, basi. Mechi za moja kwa moja ziko mbali, kwenye viwanja vya Gymkhana na Annadil Burhani mjini Dar es Salaam, mwendo wa barabara ndefu kisha pantoni. Ndiyo maana wengi wetu huku tunaishi kwa marudio ya simuni, na hakuna ninaloliangalia mara nyingi kama Kenya dhidi ya Sri Lanka katika Kombe la Dunia, Gymkhana ya Nairobi, Februari 24, 2003.

Kenya walipiga kwanza wakapata mikimbio 210, wiketi tisa zikiwa zimeanguka. Kennedy Otieno alifunga 60. Sri Lanka, mabingwa wa dunia wa 1996, wakatolewa wote kwa 157. Collins Obuya, kijana wa miaka 21, alichukua wiketi tano, zikiwemo za Aravinda de Silva, Mahela Jayawardene na Kumar Sangakkara.

Aliwezaje? Obuya hakuwa na kasi. Mpira wake ulizungushwa kwa kifundo cha mkono, ukapanda juu ya usawa wa macho ya mpigaji, halafu ukashuka mapema kuliko alivyoukadiria. Ukigusa udongo, unageuka. Mpigaji wa mkono wa kulia kama de Silva unamkimbia. Wa kushoto kama Sangakkara unamwingilia. Na udongo wa siku ile ulimpenda mrushaji wa polepole: hata Muralitharan wa Sri Lanka, naye mrushaji wa polepole, alikuwa amewatoa Wakenya wanne kwa mikimbio 28 tu.

Lakini marudio ya dakika chache yanaonyesha wiketi peke yake, na hapo ndipo yanapotudanganya. Chukua kadi ya matokeo. Obuya alirusha mizunguko 10, yaani mipira 60, akatoa mikimbio 24. Hata kama kila mpira uliopigwa ulizaa mkimbio mmoja tu, bado angalau mipira 36 mpigaji hakuambulia kitu. Sri Lanka walihitaji zaidi ya mikimbio minne kila mzunguko. Kwake walipata miwili na kitu. Deni likakua, subira ikaisha, mtu akaupiga mpira ambao mwanzoni angeuacha upite. De Silva alikuwa ameshafika 41, ametulia kabisa, lakini naye akaondoka.

Kwa maoni yangu, wiketi zile tano zilitengenezwa na hiyo mipira 36 ambayo mhariri wa picha aliikata.

Kenya walifika nusu fainali mwaka ule. Vijana wetu wa Tanzania wa chini ya miaka 19 nao walifuzu Kombe la Dunia la umri wao kwa mara ya kwanza mwaka 2025, na warushaji wa polepole wamo kila timu. Makocha, msiwaonyeshe vipande. Mwenye mkanda wa mechi nzima ya Gymkhana ya Nairobi autoe, wakaangalie mzunguko kwa mzunguko.